Saa ya Huku na Saa ya Kule

Kabla ya neno lolote, nisogezeni dirishani, maana siwezi kutoa wosia huku nimeelekezwa ukutani kama mtoto aliyetiwa adabu. Kiinueni kitanda, msikikokote, mtaichimba sakafu niliyoisiliba kwa mikono yangu. Bado. Bado kidogo. Hapo basi. Sasa nauona uwanja wa mashine, naiona foleni ya ndoo, naiona na njia ya mtoni mpaka pale inapopinda. Uji uweke chini, mkwe wangu. Najua mgonjwa haulizwi uji, lakini huyu wako kaulizwa na kajibu: baadaye.

Sikilizeni wanangu, fungueni masikio na mfunge midomo, kwa sababu leo mwili wangu umeamka unafungasha. Miguu imepoa tangu alfajiri, na kifuani mna kitu kinakwaruza kama mashine inayozunguka bila mahindi. Nimewaita niseme yaliyo yangu kabla sijakata kauli, yasije yakasemwa na wengine kwa niaba yangu, maana marehemu hutiwa maneno mengi mdomoni na hana wa kumtetea. Mzee Bikoni, jirani yangu, wewe umeitwa uwe shahidi, kwa hiyo usisinzie. Ukisinzia nitawarithisha wanangu wale mbuzi wako wanaoshinda kwenye migomba yangu.

Lakini hebu kwanza. Mbona nawaona watoto wawili? Mkubwa yupo, kasimama chini ya saa yake ya ukutani kama askari wa zamu. Kitindamimba yupo, na mkewe. Dada yenu yuko wapi? Nani alimpigia simu? Ni wewe, kitindamimba. Ukamwambiaje? Kwamba mama ana maneno na watoto wake, aje leo saa tisa. Vizuri sana. Saa tisa ya wapi?

Msitazamane, nijibuni. Saa tisa ya huku au saa tisa ya kule? Hukutaja. Kaka yako alikwambia sema saa tisa, na wewe ukasema saa tisa kama kasuku. Mungu wangu, watoto hawa niliwazaa au niliwaokota mnadani? Ina maana yaliyotukuta siku ya baba yenu hayakuwafundisha kitu?

Mkwe wangu, wewe umeolewa hapa juzi tu, usidhani mama mkwe wako kaanza kuweweseka. Kijiji chetu, kama unavyokiona, ni nyumba chache, kisima kimoja, mashine ya kusaga, na lile jiwe la mpaka, bikoni, lililochimbiwa katikati ya shamba la huyu mzee, ndiyo maana watu wakamwita Bikoni hata jina alilopewa na mama yake likapotea. Upande huu wa jiwe ikiwa saa kumi, upande ule ni saa tisa. Jua ni hilohilo, jogoo wa huku na wa kule wanaitikiana, ila wakubwa walioko mbali waliamua hivyo na sisi hatukuulizwa. Hata simu zenu zimechanganyikiwa: ukilala nayo upande huu inasoma saa ya huku, ukigeuka inadaka mnara wa kule inarudi nyuma. Kwa hiyo wazee wetu waliweka desturi, kwamba ukimwita mtu wa ng'ambo ya jiwe unamtajia saa zote mbili, ya kwenu na ya kwetu, ndipo unaagana naye. Baba yenu hakuwahi kukosea hata siku moja, hata alipokuwa anaagiza dizeli. Sasa dada yenu, aliyeolewa ng'ambo, atakuja saa tisa ya kwao, na saa tisa ya kwao sijui kama itanikuta.

Mpigie tena. Haipatikani? Sawa, kitindamimba, washa pikipiki. Kwenye geti la mpakani usipite, kuna malori mpaka kwenye kona, pita njia ya mtoni. Usimwambie nakufa, atajikwaa. Mwambie mama hana subira, hilo atalisadiki. Na usisimame hapo unangoja kusikia fungu lako, nakupa ukiwa umevaa kofia: shamba la mtoni ni lako, lote, kuanzia kwenye mchongoma hadi majini. Usilikodishe, lilime. Mkeo nimemwona, ana mikono ya kazi. Wewe una miguu ya kutembea tu, kwa hiyo msikilize. Nimekubariki tayari, haya, nenda! Nenda, mwanangu, na kwenye daraja la miti ushuke uisukume.

Kaondoka. Mnasikia? Kateremka mtoni. Huko kwao dada yenu sasa hivi ndiyo kwanza saa nane, pengine anachota maji, pengine anamsuka binti yake nywele na kumwambia tulia, wakati bado upo. Basi itanibidi niongee. Nikinyamaza usingizi unaninyatia, na usingizi wa leo siuamini. Kwa hiyo wosia utakuwa mrefu, mnivumilie, sina kingine cha kujishikilia.

Fungua na dirisha la pili. Hewa haitoshi. Nani yule anaingia uwanjani? Siyo yeye. Sawa.

Mashine ile mnayoisikia tuliinunua kuukuu, mimi na baba yenu, kwa mtu aliyefilisika, ikaletwa vipande vipande kwenye mkokoteni wa ng'ombe, na mkanda wake baba yenu alikuja kauvaa shingoni kwa kuogopa utaibwa. Watu walitucheka. Wakasema mwenye akili angeiweka barabarani, sisi tunaiweka porini karibu na jiwe. Baba yenu akawaambia chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Aliupima uwanja kwa miguu yake, akatafuta mahali ambapo mwanamke wa kijiji cha mwisho kule na mwanamke wa kijiji cha mwisho huku watachoka sawasawa. Nilidhani ni upuuzi. Halafu wakaanza kuja, wa huku wakishuka kilima na wa kule wakivuka mto, na mpaka leo hawajaacha.

Na hapa kwetu hapangi foleni mtu, inapanga ndoo. Unaweka ndoo yako ya mahindi nyuma ya ya mwenzako, unakwenda zako kisimani au shambani, na hakuna mkono utakaoisogeza, awe mke wa mwenyekiti awe nani. Mwaka ule walipofunga mpaka na askari wakasimama kwenye jiwe, watu walikatazwa kuvuka, lakini hakuna aliyesema ndoo zisivuke. Wa kule wakawa wanaziacha jiweni, sisi tunazichukua, tunasaga, tunazirudisha, na haikupotea hata mifuniko. Si kweli, Mzee Bikoni? Askari mwenyewe mwishowe alileta mahindi yake. Usicheke, utakohoa, tutakuwa na wagonjwa wawili.

Kwa hiyo mkubwa wangu, nisikilize. Najua una mpango wa kuihamishia mashine kwenye lami, karibu na lile geti jipya lenye taa. Hukuniambia, lakini nimekuona ukipima injini kwa kamba, na mtu hapimi kitu anachotaka kukiacha mahali pake. Sikatai kwamba una akili ya biashara. Nakataa kuihamisha. Mashine ni yako wewe na dada yako, nusu kwa nusu, na haitatolewa bolti hata moja kwenye sakafu ile mpaka nyote wawili muwe mmesimama pale na mmekubaliana. Unakunja uso. Unataka kusema mali ya baba itavuka mpaka. Mahindi yanavuka kila siku, wake wanavuka, kipindupindu kilivuka bila pasi, ije kuwa nusu ya mashine? Yeye alizaliwa kwenye chumba hikihiki, kitanda hikihiki, na alilia kwa sauti kubwa kuliko yako.

Nipe maji. Hapana, si uji, maji.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo limenifanya nisilale vizuri miaka yote hii, na ambalo humu ndani linapitwa kwa mbali kama mbwa mkali. Baba yenu alipofariki ilitangazwa maziko saa nane. Saa nane, basi. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, nimefunikwa khanga, sijui asubuhi wala jioni. Wewe mkubwa ndiye uliyesimamia. Wanakuita Bwana Dakika pale uwanjani, nami sikulaumu kwa kupenda saa. Mshahara wako wa kwanza ulinunua hiyo iliyo juu ya kichwa chako, na mashine haijawahi kuchelewa kuwashwa tangu uishike. Lakini siku ile mtu alikwambia, binti wa marehemu hajafika, tungoje kidogo, na wewe ukatazama mkono wako ukasema, "Saa ni saa." Mkazika.

Dada yako alifika saa nane. Saa nane yake. Alikuja mbio na wakwe zake, viatu mkononi, akawakuta wanaume wanaosha majembe. Nilimwona kwa dirisha hili hili. Hakulia. Alitazama majembe, akatazama kaburi, akakwambia, "Kumbe baba alikuwa wako peke yako." Na wewe, badala ya kumshika mkono, ukamwambia aliyechelewa ndiye aombe radhi. Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi, mwanangu. Akala kiapo kwamba kizingiti cha nyumba hii hatakikanyaga mpaka mwenye saa atakapomwomba radhi, akageuka, hata maji hakunywa. Mpaka jiweni anafika, humu hajaingia. Mimi ndiye niliyekuwa nikivuka kwenda kuwaona wajukuu, mpaka magoti yaliponisaliti.

Sasa nyamaza, usijitetee, najua. Mvua ilikuwa inakuja. Watu walikuwa wamesimama tangu asubuhi. Ulikuwa kijana na umefiwa, na mtu aliyefiwa hushika kinachoshikika, wewe ulishika saa. Nayajua yote hayo, mimi ndiye mama yako. Lakini kujua sababu ya ufa hakuuzibi.

Na najua lingine unalodhani sijaliona. Kila mwezi ndoo ya dada yako imekuja na wanawake wa kule, ile ya buluu yenye kitambaa kwenye mkono. Ikirudi, juu ya unga mimi naweka kitu: kipande cha sabuni, mbegu za maharage, sweta la mtoto. Ikija tena, juu ya mahindi nakuta mayai, nakuta picha ya mjukuu, siku moja nilikuta kiatu changu nilichokisahau kwake. Ndivyo tulivyokuwa tunaongea, mimi naye, tangu miguu iliponigomea. Lakini ndoo ile, Bwana Dakika, haisagi mfanyakazi. Nimekaa dirishani nimeona. Ikifika zamu yake unamwambia yule apumzike, unaisaga mwenyewe, unaupitisha unga wake mara mbili ili uwe laini kama alivyokuwa anaupenda tangu utotoni, na kitambaa unakifunga upya vizuri. Miaka yote. Hujawahi kumwambia, na yeye anadhani ni mimi. Kwa hiyo usinidanganye kwamba humpendi. Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Wakipatana, shika kapu ukavune. Mimi nimelima vya kutosha, nataka kuvuna kabla sijaondoka.

Hiyo ni pikipiki? Siyo. Ni injini yetu inakoroma, mkanda umelegea tena, ukaukaze kesho. Hebu zimeni mashine. Mwanzo nilisema isizimwe kwa ajili yangu, watu wana njaa, lakini sasa nataka kusikia njia. Mkwe wangu, nenda kawaombe radhi wale wanawake, waambie Mama Mashine anasikiliza kitu.

Ehe. Kimya gani hiki. Sijawahi kukisikia mchana.

Nilikuwa wapi? Maziko. Maziko yangu. Hili ndilo kubwa kuliko shamba na mashine, na Mzee Bikoni, hili ulishike hata ukisahau mengine yote. Msitangaze saa. Msiseme saa nane, msiseme saa tisa, wala ya huku wala ya kule. Nizikeni dada yenu akiwa amesimama pale, hiyo ndiyo saa. Mvua ikija, iwanyeshee. Watu wakichoka, wakae chini. Kawia ufike, ndivyo walivyosema waliotutangulia, na mimi pa kukimbilia sina tena. Na udongo wa kwanza autie yeye kwa mkono wake, kwa sababu wa baba yake hakuugusa. Mkinizika bila yeye, nitakuwa... sijui nitakuwa nini, lakini sitatulia, na mnajua nisipotulia nakuwaje.

Nipandishe mto. Mkono wako baridi, au wangu? Wangu.

Ile saa inasemaje? Bado? Inakaribia kumi. Nasikia inavyotembea, kila hatua ni ya mtu asiyenijali. Mwanangu, mkubwa wangu, mzaliwa wangu wa kwanza, nina ombi moja, na silitoi kama amri maana nguvu ya kuamrisha imebaki kidogo. Chukua kigoda. Panda. Uirudishe nyuma hiyo saa. Ndiyo, umenisikia. Irudishe mpaka isome saa ya kule.

Usinitazame hivyo. Najua haijawahi kuguswa. Najua watu uwanjani huulizana saa kwa mlango wetu. Lakini mle alimoingia baba yenu akiwa na mkanda shingoni, anakuja mtoto ambaye kwenye nyumba hii amechelewa tangu siku ile, na kila atakapoitazama hiyo saa itamwambia umechelewa, umechelewa. Dunia nzima siwezi kumwekea sawa. Ukuta mmoja unaweza wewe. Radhi ya mdomo itakukwama kooni, nakujua, wewe ni baba yako mtupu kwa hilo. Basi omba kwa mkono, kama unavyosaga.

Mzee Bikoni, mshikie kigoda, kina mguu mbovu.

Hivyo. Polepole. Usiuvunje mshale. Unalia? Lia, mwanangu, mikono ifanye kazi huku macho yanalia, mimi nimefanya hivyo maisha yangu yote. Zungusha. Zungusha tena. Basi. Tazama, tumepata saa nzima ya bure, na hakuna aliyeumia.

Shuka sasa, ukae hapa kitandani, usiniache nielee.

Niwabariki kabla ya... Sauti inakwenda. Sogeeni. Mungu awape mikono isiyochoka na mioyo isiyoweka kinyongo. Mahindi yenu yasikose maji, mto usiwakaukie. Mkwe wangu, uzae, na mtoto asitaniwe kwa sababu ya upande aliozaliwa. Mzee Bikoni, mbuzi... waache tu, migomba imezoea. Nyumba hii ikae wazi. Mlango msiupe... msiupe kufuli mchana. Na ndoo... ndoo yoyote ikikaa uwanjani bila mwenyewe, isageni, muweke kitu juu.

Nani huyo? Kimya. Kimya jamani.

Hiyo siyo injini yetu. Hiyo imepita daraja. Inapanda... ndiyo. Ndiyo. Wanawake wamesimama, nawaona, wanampisha. Kashuka. Viatu mkononi, tazameni, mtoto huyu hakui.

Kasimama mbele ya kizingiti. Hapandi. Mkubwa wangu, inuka, mshike mkono dada yako, kama ulivyopaswa... hivyo. Mwelekeze macho ukutani.

Ingia, mama. Ingia, mwanangu. Itazame saa, kaka yako kaiweka mwenyewe. Hujachelewa.